Kila anayeharisha anaambiwa amiba: tuongee namna kuharisha kunavyotakiwa kuchunguzwa

#1 Tabibu wa OPD

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita aliletwa mzee wa miaka 70 na kitu, kapakiwa bodaboda na mjukuu wake, kakalia kanga iliyokunjwa mara nne. Anaharisha wiki ya tatu. Kwenye daftari lake kuna majibu matatu ya choo, yote yamesoma amiba, na chini ya kila jibu kuna Flagyl, dawa ya amiba. Dozi ya kwanza aliandikiwa duka la dawa, ya pili zahanati fulani. Ya tatu ilikuwa na mwandiko wangu mimi mwenyewe, siku 6 kabla.

Nilikuwa nimeshashika kalamu nimwandikie tinidazoli tubadilishe ladha. Nesi wetu, mama mtu mzima, akamuuliza kama anaongea na baba mkwe: "Baba, kabla hii kuhara haijaanza, choo ulikuwa unapata?" Mzee akasema hapana, alikaa siku 9 bila kwenda. Mgongo ulimsumbua, akapewa vidonge vya tramadoli, tumbo likafunga. Halafu ndiyo maji yakaanza kutoka.

Nikavaa glovu, nikapima kwa kidole njia ya haja kubwa. Jiwe. Choo kigumu kimejaa mpaka mlangoni, na yale maji yalikuwa yanapita pembeni. Mzee wa watu alikuwa amefunga choo, sisi watatu tunamtibu kuharisha. Kidole kile ningekitumia siku ya kwanza asingemeza vidonge zaidi ya 40 vya bure, na mdomo wake usingekuwa na ladha ya shaba wiki nzima.

Ndiyo maana naanzisha uzi huu. Nipo OPD, kwa wagonjwa wa nje, mwaka wa 14, na naamini mgonjwa wa kuharisha anajulikana kwa maswali na kwa macho kabla ya kopo la choo. Nitaeleza ninavyouliza. Maabara na wauguzi mliomo humu mnisahihishe.

#2 Kibarua Huru

Nakaa mbele kabisa. Mkuu tiririka, mimi nina amiba tangu darasa la nne.

#3 Tabibu wa OPD

@Kibarua Huru amiba ya miaka yote hiyo ingekuwa imeshakutoboa ini. Tutarudi kwako.

Kwanza tukubaliane kuharisha ni nini. Choo chepesi mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, na kiwe tofauti na kawaida ya mtu huyo. Kichanga anayenyonya anaweza kwenda mara 6, choo cha njano laini, na akawa mzima kabisa. Kuna pia mtu anayekwenda mara 5 kwa siku lakini choo kimeumbika. Huyo haharishi, ana haraka ya choo, na sababu zake ni nyingine.

Swali la kwanza kwangu ni muda. Chini ya siku 14 mara nyingi ni maambukizi, na mengi yanaisha yenyewe hata usipoyajua jina. Ikivuka siku 14 naanza kuwaza Giardia (kimelea cha utumbo mdogo), VVU, utapiamlo kwa mtoto. Ikivuka mwezi, orodha inabadilika kabisa na wadudu wanakuwa sehemu ndogo tu: dawa anazomeza, kisukari, tezi ya shingoni, kongosho, saratani ya utumbo mpana, TB ya tumbo. Mgonjwa wa miezi 3 ukimchukulia kama wa siku 3 utampa Flagyl mpaka azeeke.

Swali la pili ni choo chenyewe kikoje. Hapa watu wanaona aibu na daktari naye anaona aibu, wanaishia kwenye "tumbo linasumbua". Mimi nauliza wazi. Kinatoka kingi au kidogo? Utumbo mdogo ukiumwa kinatoka kingi, maji, mara chache, na maumivu yako kitovuni. Utumbo mpana ukiumwa mtu anakimbia chooni mara 15, anajikamua, anaambulia kijiko kimoja cha ute na damu, akisimama tu anahisi haja tena. Huyo wa pili, kama ana homa, kwa sehemu kubwa ni Shigella. Anahitaji antibayotiki inayoua bakteria huyo, na Flagyl siyo hiyo.

#4 Dada wa Pongwe

Na wale wanaoharisha baada ya shughuli? Mwaka jana tulikula pilau la khitma saa 7 mchana. Saa 10 jioni watu wanatapika uwanja mzima, wachache wanaharisha. Wazee wakasema kuna jicho la mtu.

#5 Tabibu wa OPD

@Dada wa Pongwe hapo saa ndiyo kipimo. Masaa 3 ni machache mno kwa mdudu kuingia, kuzaliana na kukuangusha. Maana yake sumu ilikuwa imeshatengenezwa ndani ya chakula. Kuna wawili hasa: Staphylococcus kutoka mikononi au puani mwa mpishi, na Bacillus cereus anayependa wali uliopikwa ukaachwa na joto la vuguvugu. Wote wanatapisha ndani ya saa 1 hadi 6, na sumu zao haziharibiki kwa kupasha chakula moto. Nikisie: wali ulipikwa usiku, ukafunikwa kwenye sufuria kubwa, asubuhi ukapashwa?

Kama watu wangekula saa 7 mchana halafu wakaamka saa 6 usiku wana msokoto na kuhara bila homa, ningewaza Clostridium perfringens kwenye nyama ya sufuria kubwa iliyopoa polepole. Na kama wangeanza kesho yake wakiwa na homa, Salmonella. Chakula kile kile, mpishi yule yule, saa tu ndizo zinabadilika.

#6 Dada wa Pongwe

Ulipikwa usiku kweli. Ukalala kwenye sufuria hadi asubuhi. Jamani tulimchukia shangazi wa watu bure.

#7 Mzee wa Darubini

Nimesoma kimya, sasa nichangie. Nafanya maabara Kanda ya Ziwa.

Tabibu, umesema vizuri lakini usitutupie mzigo wote. Unajua choo kinatufikiaje? Kwenye kiberiti. Kwenye kifuniko cha soda kimefungwa na mfuko wa nailoni. Kimekaa juani masaa 3 kwa sababu mgonjwa alikwenda kwanza kulipia. Amiba aliye hai, yule anayetembea, ndani ya nusu saa hivi ameshakufa na kubadilika umbo. Kinachobaki ni vifuko tu, yaani amiba aliyejifungia ndani ya ganda, na kifuko cha Entamoeba histolytica na cha Entamoeba dispar kwenye darubini ni mapacha, huwezi kuwatofautisha. Wa kwanza anaumiza, wa pili ni mpangaji asiye na kesi na mtu. Wataalamu waliwatenganisha rasmi mwaka 1993, lakini fomu zetu za majibu hazijapata habari.

Ninaloweza kuapia ni moja: amiba anayetembea, tumboni mwake kameza chembe nyekundu za damu. Huyo nikimwona naita wenzangu waje kuangalia, kwa sababu anaonekana mara chache mno. Yale majibu mengine ya amiba mnayoyabeba kwenye madaftari ni vifuko, na wakati mwingine ni chembe nyeupe za damu ambazo kijana wa field, yaani mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, ameziona zina viini akafurahi.

Sasa upande wenu. Daktari ananiandikia fomu "choo, ?amiba", basi, hakuna umri, hakuna siku ngapi, hakuna damu ipo au haipo. Nikijibu hakuna kilichoonekana, mgonjwa anarudi dirishani kudai hela yake na daktari anapiga simu kuuliza kama niliangalia vizuri. Kijana mpya wa maabara akipigiwa simu hiyo mara 3, ya nne atamwona amiba hata kwenye maji ya bomba.

#8 Kibarua Huru

Kwa hiyo mimi nina mpangaji tu?

#9 Mzee wa Darubini

Yawezekana huna hata mpangaji. Ila kama ulikulia kandokando ya ziwa na umeogelea sana, omba utafutiwe mayai ya kichocho cha tumbo. Yana mwiba ubavuni, ukishauona husahau. Anasababisha tumbo la mara kwa mara na damu kwenye choo, miaka nenda rudi, na Flagyl haimgusi. Dawa yake ni prazikwanteli.

#10 Tabibu wa OPD

@Mzee wa Darubini nimepokea viboko vyote, kimoja nilikistahili.

Niongeze jambo moja kwenye hoja yako, kwamba kumkuta mdudu siyo kumkuta mkosaji. Kuna mradi uliitwa MAL-ED, ulifuatilia watoto tangu wachanga katika nchi 8, na kituo kimoja kilikuwa Haydom, Manyara. Walipima choo cha mtoto akiharisha na hata akiwa haharishi. Wakakuta vijidudu kibao kwenye choo cha watoto wanaocheza vizuri tu. Na utafiti wa GEMS uliochapishwa 2013, nchi 7 za Afrika na Asia, Kenya ikiwemo upande wa Siaya, uliwalinganisha watoto wanaoharisha sana na majirani zao wazima. Kati ya vijidudu vilivyotafutwa, walioongoza kwa watoto wa chini ya miaka 5 ni wanne: rotavirusi, Cryptosporidium, Shigella, na ile E. coli inayotoa sumu. Amiba hayumo kwenye hao wanne. Angalieni pia kwamba darubini ya kawaida ya kituo cha afya haimwoni hata mmoja kati yao. Cryptosporidium anahitaji rangi maalumu ya kundi lile tunalotumia kwa TB. Yaani kipimo tunachomkimbilia hakiwezi kuwaona washukiwa wakuu.

#11 Mama Abdul

Samahani nawakatisha. Mwanangu ana miezi 8, anaharisha siku ya pili, bibi yake anasema ni meno. Nimuache?

#12 Tabibu wa OPD

Mama Abdul, nijibu haya haraka. Ananyonya? Anatapika kila kitu? Macho yamezama? Akilia machozi yanatoka? Mara ya mwisho kukojoa ni lini? Mfinye ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu kwa vidole viwili, uachie, uniambie inarudi mara moja au inajivuta. Kuna damu kwenye nepi? Na je, analia kwa vipindi, anakunja miguu kwa maumivu, anatulia akilegea, halafu anaanza tena?

#13 Mama Abdul

Ananyonya kwa pupa kama ana kiu sana. Hatapiki. Macho naona yameingia ndani kidogo. Ngozi imerudi ila taratibu. Damu hakuna, vipindi hakuna. Amekojoa asubuhi tu na sasa ni saa 9.

#14 Tabibu wa OPD

Kiu kali, macho, ngozi kujivuta. Ameishiwa maji kiasi, siyo sana. Nenda kituoni sasa hivi, mpe ORS njiani kwa kijiko, endelea kunyonyesha. Waambie wampime na malaria na wamwangalie masikio, maana mtoto mdogo anaweza kuharisha kwa ugonjwa ulio mbali na tumbo. Meno hayaharishi mtoto. Umri wa meno ndio umri wa kutambaa na kutia kila kitu mdomoni, basi yanasingiziwa.

Kwa wengine: yale maswali ya damu na vipindi nilikuwa nautafuta utumbo uliojiingiza ndani ya utumbo. Mtoto wa umri huo, kilio cha vipindi, choo chenye ute mwekundu kama jeli. Huyo ni wa upasuaji. Wapo waliopewa Flagyl siku 3 mpaka utumbo ukaoza.

Na finyo la ngozi linadanganya. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ngozi yake inajivuta hata kama hajapoteza maji, na mtoto mnene ngozi inarudi upesi hata kama amekauka. Usihukumu kwa dalili moja.

#15 Nesi wa Zamu

Tabibu hujagusa kipindupindu. 2015 nilikuwa Dar, ulipoanza mwezi wa nane. Nilichojifunza kwenye vile vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini: huyo hapimwi ndipo atibiwe. Mtu mzima aliyekuwa anabeba mizigo asubuhi, saa 6 mchana ameletwa kwenye toroli, sauti imekauka, vidole vimejikunja kama vya mwoshaji nguo, mapigo ya mkononi huyapati, halalamiki tumbo, hana homa, na kinachotoka ni maji ya kuoshea mchele. Unatundika dripu ya Ringer kwanza. Mililita 100 kwa kila kilo, na kwa mtu mzima theluthi ya kwanza inaingia ndani ya nusu saa. Nimewaona wanaume wakifufuka mbele yangu, chupa ya tatu anaomba chai.

Sampuli ichukuliwe mapema kabla ya antibayotiki, iwekwe kwenye kimiminika cha Cary-Blair isafiri. Inatafutwa kwa ajili ya mtaa mzima, wilaya ijue kuna nini. Mgonjwa mwenyewe hahitaji jibu lile ili apone.

#16 Tabibu wa OPD

Sina cha kuongeza, huyu mama amemaliza. Labda kwamba mgonjwa mmoja wa namna hiyo anatosha kupiga simu wilayani. Usisubiri wa pili.

#17 Mwana wa Kilosa

Mimi nina la baba yangu. Ana miaka 61, anaharisha mwezi wa nne sasa. Mara 4 hadi 6 kwa siku, maji, hakuna damu. Amepimwa choo mara 5, amiba mara 3, taifodi mara 2. Amekula Flagyl nyingi na Cipro. Kilo zimepungua kama 4.

#18 Tabibu wa OPD

Pole ndugu yangu. Taifodi tuiweke pembeni. Kipimo cha Widal ni cha mwaka 1896, na kikifanywa mara moja tu kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na wadudu wa ukoo ule, basi. Na taifodi ya mtu mzima mara nyingi inaanza na homa inayopanda siku hadi siku, wengine wanafunga choo kabisa. Miezi 4 bila homa haipo.

Nieleze: usiku anaamka kwa ajili ya choo? Akifunga, tuseme Ramadhani, inapungua? Choo kinaelea, kina mafuta, kinanuka kupita kawaida? Amepima VVU lini? Moyo unamwenda mbio, jasho, mikono kutetemeka? Kabla ya hapo alikuwa anafunga choo na kufungua kwa zamu?

Umri wake na kilo 4 vinanisukuma kwenye utumbo mpana. Sikutishi, ila kamera ya kuangalia ndani ya utumbo ndiyo itasema.

#19 Dirisha la Dawa

Mimi ni mfamasia. Tabibu umeuliza yote ukaacha la kwangu. Anatumia dawa gani za kila siku?

#20 Mwana wa Kilosa

Usiku haamki. Akifunga inapungua sana. Choo hakielei. VVU amepima mwaka huu, hana. Kutetemeka hakuna. Dawa: ana kisukari miaka 3, anatumia metformini. Mwezi wa tano aliongezewa kutoka vidonge viwili kuwa vinne. Na amlodipini ya presha.

#21 Dirisha la Dawa

Na kuharisha kulianza mwezi gani?

#22 Mwana wa Kilosa

Mwezi wa sita mwanzoni.

Mungu wangu.

#23 Tabibu wa OPD

Dirisha, chukua kiti changu. Nimeanza uzi kwa mzee wa tramadoli halafu nimesahau kuuliza dawa.

Mwana wa Kilosa, asiiache mwenyewe, sukari itapanda. Arudi kwa anayemtibu kisukari na daftari lote, amwonyeshe hizo tarehe mbili. Zipo namna: kushusha dozi, kuinywa katikati ya chakula, kuna ile inayoyeyuka taratibu, kuna dawa mbadala. Ila la kamera bado nalisimamia. Metformini inaweza kueleza kuharisha na hata kilo kidogo, lakini miaka 61 na kupungua mwili sivifungi jalada kwa kubahatisha.

Wengine mnaomeza dawa, zinazoharisha ni nyingi: antibayotiki zenyewe (ukianza kuharisha ukiwa ndani ya dozi au wiki chache baada yake, mwambie daktari), dawa za kiungulia zenye magnesiamu, kolkisini ya gauti, baadhi ya ARV hasa zile za lopinavir, na zile chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mtandaoni. Mgonjwa hazitaji chai kwa sababu kwake siyo dawa.

#24 Mama Abdul

Nimerudi nyumbani. Malaria hana, masikio mazima. Alikaa pale masaa 4 ananyweshwa ORS kwa kikombe, macho yamerudi. Tumepewa zinki na pakiti za ORS. Choo hakikupimwa, nikataka kuuliza kwa nini nikakumbuka. Bibi yake bado anasema meno.

#25 Mzee wa Darubini

Hawakupima choo? Huyo daktari nimpe soda.

#26 Mwana wa Kilosa

Wakuu, wiki 5 zimepita. Dozi ilishushwa na akabadilishiwa ile ya taratibu, anainywa na ugali wa jioni. Kuharisha kulipungua siku ya 4, sasa anakwenda mara 1 au 2. Kamera ameandikiwa hospitali ya rufaa, tarehe ni mwezi ujao, tutakwenda. Kilo 1 imerudi.

Mzee anauliza: Flagyl zimebaki paketi nzima, jirani yake ameanza kuharisha jana, ampe?

#27 Nesi wa Zamu

Mwambie aanze kwa kumuuliza jirani anakula dawa gani.